Kuhusu Lipu ya Crescencio na Mlango wa Doña Remedios

Baba Paroko Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Hilario Cuautle, seremala, yule aliyekutengenezea kiti cha kuungamishia kisicholialia. Naomba kwa unyenyekevu kwamba Siku ya Msalaba Mtakatifu, waashi watakapoleta misalaba yao ya maua, usiubariki ule wa mwashi Crescencio. Sababu ni hizi:

1. Mlango wa sebule ya Doña Remedios, mjane, umezama ndani ya ukuta. Mlango wa namna hiyo huzungushiwa kwanza mbao za urembo, ndipo lipu ije kuishia kwenye ukingo wake. Crescencio ameanza lipu kabla ya mbao. Sijui kama kanisa lina jina la dhambi hiyo, ila linalihitaji.

2. Anajitetea ati nilimwambia naleta mbao "ahorita". Nilisema, sikatai. Lakini Baba, nani hapa Cholula asiyejua kwamba ahorita ni sasa hivi, au kesho, au mvua zikiisha? Yeye alingoja mpaka mchana, akashika mwiko. Huko ni kujifanya haelewi lugha ya mama yake.

3. Lipu ikitangulia, mbao hazitalala sawa. Patabaki nyufa, nge wataingia, Doña Remedios ataumwa, na parokia itakosa mpishi wa mole, ule mchuzi wa sikukuu. Waumini utawaeleza nini?

4. Nilipanga kumwomba Doña Remedios tuoane siku mlango utakapokamilika, nikiwa nimesimama mbele ya kazi yangu. Nikisimama kwenye mlango wa ovyo, atanionaje? Nilipomweleza Crescencio, alicheka tu: "Kwani unamwoa yeye au mlango, kaka?"

Wasalimie masista, mpiga kinanda, na mama yako mzazi. Mguu wake upate nafuu.

Wako katika unyoofu wa mbao na wa moyo,
Hilario Cuautle

N.B. Nilimpa Doña Remedios barua hii anisahihishie tahajia. Alipofika namba nne akavua miwani. "We mwanamume," akasema, "kahawa yote hiyo niliyokupikia, kumbe unangoja mbao?" Baba, nina furaha mpaka nashindwa kukaa. Tutangazie ndoa Jumapili. Crescencio apige lipu anavyopenda, na msalaba wake ubarikiwe. Mbao nitazipigilia juu ya lipu, na nyufa nitaziziba kwa gundi na vumbi la msumeno, kama ninavyowafanyia wateja wote.