Mapipa Tayari, Nguo Hakuna

Ijumaa, 27 Februari
Sijatulia tangu asubuhi. Sonara wa jengo la jirani alikuja kuchukua shati lake, akasema Jumatano ni Holi, sikukuu yao Wahindu, na watu watarushiana rangi uani kwake mpaka adhuhuri. Nikamuuliza huwa wanavaa nini. Nguo nyeupe, akasema. Nyeupe! Jengo zima, wazee kwa watoto, wanamwagiana rangi kwa hiari yao, na mimi dobi niko mlango wa pili! Alikuwa bado anaeleza jambo kuhusu hizo nguo, lakini sikumsikiliza. Akili ilishakwenda kununua mapipa.

Jumamosi, 28 Februari
Mke wangu aliomba nisimwambie mpango wowote kabla hajala. Nikashindwa kusubiri. Hakucheka, wala hakugomba, ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Amenikumbusha miavuli niliyotaka kukodisha wakati wa kiangazi. Amesema mpango huu ukianguka tunafunga duka, anahamia na pasi yake kwa kaka yake, dobi wa ng'ambo ya barabara, na mimi nakwenda kuwa mfanyakazi wa Shemeji. Huko kila mtu huvaa aproni yenye picha ya Shemeji kifuani. Anatabasamu.

Duka hili alilianzisha marehemu baba, akiwa na karai tu na mikono yake. Lakini nimekubali masharti. Safari hii nina uhakika.

Jumatatu, 2 Machi
Mapipa yamefika. Sabuni imefika. Dawa ya kung'arisha nguo imefika, na harufu yake imemtoa paka dukani. Mwalimu mkuu alileta makoti yake, nikamwambia arudi baada ya sikukuu, sina nafasi. Muuguzi naye vivyo hivyo. Wote wawili wamevuka barabara na mafurushi yao. Shemeji amewapokea kwa mikono miwili, kisha akanipungia mkono. Na apunge tu.

Nimebakisha kazi moja: mashuka ya mama mwenye nyumba ya wageni. Meupe, mazito, anayataka Alhamisi mchana.

Jumanne, 3 Machi
Jioni nimekwenda uani kwa Sonara kupeleleza. Wamewasha moto mkubwa katikati ya ua. Bibi, mama yake Sonara, ameuzunguka polepole akiomba. Nilimuuliza maana yake, akanieleza kwamba uovu unateketea na wema unabaki. Tena kesho hakuna kukasirika, na waliokosana wanapatana. Nilisimama pale nikajisikia mwepesi, nasema kweli. Kisha nikanusa shati langu. Moshi! Nguo zitanuka moshi, nazo zitafuliwa!

Hapo ndipo wazo kubwa likaja. Nimemwomba Bibi nianike yale mashuka uani kwake kesho asubuhi, ili wateja waone weupe wa kazi yangu. Bibi akauliza, kesho? Nikasema kesho. Akauliza tena kama nina hakika. Wazee wanapenda kurudia maneno.

Jumatano, 4 Machi
Waridi. Kijani. Manjano. Zambarau. Hayo ni mashuka tu.

Nilisimama mbele yake nimetanua mikono kama golikipa. Watoto wakadhani ni mchezo. Bibi mwenyewe alinimwagia ndoo, mwanamke ambaye jana alihitaji kushikwa mkono kupanda ngazi! Halafu nikahisi kiganja shavuni. Shemeji. Alikuwa mwekundu mpaka menoni, amenipaka uso mzima, akasema leo haruhusiwi mtu kukasirika. Miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana kwa kupunga mikono tu. Nikachota unga wa kijani nikamjaza masikioni. Tukacheza. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilisahau kabisa kugawa karatasi zangu za bei.

Adhuhuri wote wakaenda kuoga. Nikakaa dukani na mapipa yaliyojaa. Hakuja mtu.

Alhamisi, 5 Machi
Hakuja mtu. Nimekwenda kwa Sonara kuuliza nguo ziko wapi. Akanionyesha kijana wa kwake akisugua baiskeli kwa shati la jana. Siku ya Holi wote huvaa nguo kuukuu walizokwisha kuagana nazo, na baadaye huwa matambara. Akasema aliniambia hayo Ijumaa.

Mashuka nimeyatia dawa. Rangi zote zimeungana zikawa tope. Mama wa nyumba ya wageni hakunitukana, ila amevuka barabara. Mke wangu amezungusha waya wa pasi taratibu, akauzungusha tena, akaibeba. Mlango wa baba nimeufunga mimi mwenyewe. Nimelia kidogo, nikasingizia dawa.

Jumamosi, 7 Machi
Aproni inanibana. Shemeji anatabasamu kifuani kwangu na mbele yangu pia.

Bibi amekuja kunisalimu. Amesema ameumia kuona mlango wetu umefungwa. Akanieleza kwamba kabla ya Diwali, sikukuu yao ya taa, kila nyumba jengoni husafishwa mpaka pembeni na mapazia yote hushushwa yakafuliwe. Amekwisha zungumza na majirani. Nikifungua duka tena, mapazia ya jengo zima yatakuwa yangu, mwaka huu na kila mwaka.

Nikamuuliza, taa za namna gani? Za udongo, akasema, zenye utambi na mafuta, zinapangwa kila ngazi na kila kizingiti.

Mafuta! Kwenye ngazi! Na watu wamevaa nguo mpya!

Nimemshukuru sana, nikamwambia mapazia ampe Shemeji, mimi nitakuwa na kazi nyingi. Alitaka kusema jambo jingine, lakini nilikuwa nimeshaanza kufikiria mapipa. Mke wangu sijamwambia. Nasubiri ale kwanza.