Togwa ya Marcelina

Jumanne, 4 Novemba
Marcelina anahama! Jumapili anakwenda Leeds, kazi mpya ya unesi. Kanisani Peckham wote wanampongeza. Isipokuwa mimi. Nampenda tangu Pasaka na hajui. Amesema hapa London amekosa kitu kimoja tu, togwa ya bibi yake kule Songea. Nikainua mkono kabla akili haijafika. Jumamosi, tukimuaga kwake, ataonja yangu, na hapohapo nitamwambia. Evans, naye anamtaka, eti atapeleka maua. Maua yananyweka?

Jumatano, 5 Novemba
Uji tayari, kimea cha ulezi ndani, dumu limejaa. Bi Alka, mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Tanga, akanionya nisikaze kifuniko. Eti chachu nayo inapumua. Ikikosa hewa haifi, inapumua kivyake na kutoa gesi na kileo. Ananifundisha mimi, niliyepata B ya baiolojia! Nimekaza, nikazungushia utepe. Jioni nilimuwaza Marcelina kwenye treni mpaka nikapitiliza Rayners Lane, kituo changu. Nikaishia Uxbridge.

Alhamisi, 6 Novemba
Dumu limevimba tumbo. Dalili njema! Nimelisogeza karibu na hita.

Jumamosi, 8 Novemba
Lifti ya jengo la Marcelina mbovu. Nikapanda ngazi mbio, dumu begani, nimtangulie Evans. Mapaja yakawaka moto, yakagoma. Marcelina akanikuta nimekaa ngazini, akacheka. Akasema misuli ikipungukiwa oksijeni hujitafutia nguvu bila hiyo, ndiyo maana inachoma. Nivute pumzi kwanza. Akakaa kando yangu. Tulikuwa wawili tu! Nikaanza kusema, nikaishia kwenye jina lake. Nikaona bora togwa iseme. Nikafungua.

Puu! Majirani walidhani fataki. Dari, ukuta, gauni lake jeupe! Akalamba kidole, akasema hii ni pombe. Kisha machozi yakamtoka. Akasema jikoni kwa bibi kulinukia hivihivi. Evans akatokea na leso. Maua na leso! Mimi nikashika deki.

Jumatatu, 10 Novemba
Ujumbe kutoka Leeds. Chumba kina baridi, hana anayemjua. Harufu ya togwa haijatoka kwenye gauni na hataki itoke. Anauliza, pale ngazini nilitaka kusema nini?

Nimeusoma mpaka simu ikaisha chaji. Nimemkumbuka mno. Bi Alka akasema nimjibu leo leo, nisikae nalo moyoni. Bi Alka hajui mapenzi. Jambo zito namna hii haliandikwi kwenye simu. Nitampelekea togwa nyingine, yenyewe itasema. Nimeshapika. Safari hii kifuniko nimekaza kwa koleo.