Mzima wa Afya Njema

Nilikuwa nachomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, polepole, kwa ncha za vidole, maana ukiivuta kwa hasira inachanika na kipande kinabaki ndani kukusumbua siku nzima. Rafiki yetu tunayemwita Lifti akafika, akaweka bahasha juu ya kaunta, akajitupa kwenye benchi.

"Wamekataa tena," akasema.

Benchi hilo nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri kuchapiwa na kutolewa kopi, lakini wateja husimama. Wanaokaa ni wale wale kila jioni. Yupo Redio, muuza magazeti, ambaye habari zisipotosha huongeza za kwake. Yupo Dokta, mama aliyefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili na kwa hiyo hakuna ugonjwa asioujua. Yupo Mwalimu, mstaafu, aliyefundisha watoto wa mtaa mzima kuandika barua. Na Lifti mwenyewe, fundi wa lifti. Mimi wananiita Katibu kwa sababu ya kompyuta.

Shida ya Lifti tunaijua sote. Mwaka jana alikuwa amelala juu ya paa la lifti akipaka grisi, mtu wa chini akabonyeza kitufe. Lifti ikapanda naye. Ilisimama imebaki shubiri moja tu afike kwenye zege. Hakuchubuka hata ukucha. Ila tangu siku hiyo akisogelea mlango wa lifti jasho linamtoka. Anapanda ngazi na sanduku la vifaa begani, na bosi wake anamsifia kwa kufanya mazoezi. Mwisho wa mwezi huu kuna ukaguzi wa jengo la ghorofa kumi na mbili, na lazima fundi aingie ndani ya shimo la lifti. Asipoingia, kazi hana.

Bima ilimlipia vikao sita vya ushauri nasaha. Mshauri akaomba kumi vingine. Bima ikakataa. Wakakata rufaa, na barua ya rufaa aliitunga Mwalimu, mimi nikaichapa.

Redio aliinyakua bahasha. "Lete nisome, mimi ndiye mwenye sauti." Akakohoa. "'Ndugu mwanachama. Tumepokea rufaa yako. Katika aya ya kwanza umethibitisha kwa maandishi kuwa wewe ni mzima wa afya njema na kwamba huna neno.'"

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"'Kwa msingi huo, matibabu unayoomba hayana ulazima. Aidha, tunashukuru kwa kutujulia hali. Sisi pia hatujambo.'"

Dokta aligeuka taratibu kumtazama Mwalimu. "Mwalimu. Uliandika nini?"

"Niliandika barua," Mwalimu alisema, akivua miwani. "Barua ina salamu. 'Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya njema, sina neno ila shauku ya kutaka kujua hali yako.' Hivyo ndivyo barua inavyoanza. Nilitaka niwavamie watu kama mwizi?"

"Mgonjwa anaomba matibabu, unamwandikia ni mzima!"

"Hiyo ni adabu, mama. Mtu mwenye akili anajua hiyo ni adabu tu!"

"Bima haina adabu, ina karani," Redio alisema. "Katibu, na wewe ulichapa huku unaona?"

"Niliona," nikajibu. "Hata nafasi za aya nilizipanga vizuri."

Ni kweli. Nimechapa barua nyingi zinazoanza hivyo, na sikuwahi kufikiri kuna mtu huzisoma salamu.

Lifti alitoa karatasi nyingine mfukoni. "Nimebakiwa na rufaa moja. Ya mwisho. Siku nne."

"Basi safari hii natunga mimi," Redio alisema, akivuta benchi karibu na kaunta. "Katibu, andika. 'Nimechanganyikiwa. Nabweka. Jana nimekula sabuni ya kufulia nikashushia na maji ya betri.'"

"We bwana, mimi sijala sabuni," Lifti alisema.

"Utakula. Mambo ya ushahidi hayo."

"Ukiandika hivyo," Dokta alisema, "barua inafika kwa bosi wake, cheti cha ufundi wanakichukua siku hiyo hiyo. Nani atamwachia mla sabuni lifti yenye watu?"

"Tuandike basi anaendelea vizuri kidogo," Redio akasema, "vikao vimesaidia."

"Wakisikia vimesaidia watasema kapona."

"Tuandike havikusaidia."

"Watasema vya nini kuviongeza?"

Redio alijikuna kidevu. "Kwa hiyo mtu awe mgonjwa kiasi gani, jamani? Watupe kipimo. Tupime na rula ya Mwalimu."

Nikasema labda bima wapigiwe simu, waulizwe wanataka kuona nini kwenye barua. Lifti akapiga, akaweka spika. Dokta alimshika bega. "Sikiliza, kaka. Usijibu salamu. Ukiulizwa habari, nenda kwenye shida moja kwa moja."

"Nimeelewa."

Muziki ukapigwa, mrefu. Halafu binti mmoja akaja na sauti ya asali. "Karibu, simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Habari yako?"

"Nzuri, asante. Habari ya kazi?"

Mwalimu alifumba macho. Redio alijipiga paji la uso kwa gazeti. Kwenye simu tulisikia kibodi, kwa-kwa-kwa-kwa.

"Nimepokea kuwa hali yako ni nzuri," binti alisema. "Tukusaidie nini?"

Dokta aliipokonya ile simu. "Futa hiyo! Huyu si mzima hata kidogo! Hiyo ni salamu tu, mwanangu, wewe kwenu hamsalimiani?"

"Samahani, naongea na nani?"

"Dada yake."

"Na wewe dada, habari yako?"

"Nzuri tu, mwanangu, za kwako?" Dokta alisema, akashtuka, akakata simu kama imemuunguza.

Redio alicheka mpaka magazeti yakamwanguka. Hata Mwalimu alicheka, kwa pua. Ila Lifti hakucheka.

"Si mara moja," akasema. "Hata kwa mshauri nilikuwa hivi hivi."

"Hivi vipi?" Dokta aliuliza.

"Nafika, ananiuliza unaendeleaje, nasema salama. Naulizwa unalala vizuri, nasema bila shaka. Tunaongea mpira. Tunaongea watoto. Vikao vitano." Alikuwa anaikunja ile bahasha, anaikunjua. "Mama yule mpole, anangoja tu. Kikao cha sita, dakika kumi zimebaki, nikaanza kumwambia. Nikafika katikati. Saa ikaisha. Akasema tutaendelea wiki ijayo."

"Na wiki iliyofuata bima ikakataa," nikasema.

"Ndiyo, Katibu."

Redio aliokota magazeti yake, akayapanga magotini, akayapanga tena. "Vikao vitano mpira?" akauliza, lakini kwa sauti ya chini.

"Vitano."

Mwalimu alisogea mpaka kwenye kiti changu. Nilidhani anataka kuniambia anwani ikae upande gani. Akasema, "Katibu, futa salamu."

"Zote?"

"Zote. Anza na jina lake na namba ya bima. Halafu aseme mwenyewe, wewe uandike anavyosema. Mimi sitasahihisha."

"Hata akikosea?" Redio aliuliza.

"Hata akikosea. Na wewe funga mdomo."

Nikafungua ukurasa mpya. Lifti alivuta pumzi, akaanza, nami nikachapa:

*Mimi ni fundi wa lifti kwa miaka kumi na minne. Tangu mwaka jana siwezi kuingia kwenye lifti. Napanda ngazi. Watu kazini hawajui. Usiku nasikia kamba za lifti zikivuta na nakaa kitandani mpaka kunakucha. Mke wangu anadhani ni mgongo.*

"Unaona?" Dokta alimnong'oneza Mwalimu. "Hakuna hata sabuni."

"Endelea, kaka," nikasema.

"Andika: siku ile, kabla sijapanda juu ya paa la lifti, kuna swichi ya kuizima. Fundi ndiye anayeizima, ili mtu wa chini akibonyeza kitufe lifti isipande naye. Hata mwanafunzi anajua. Kwa hiyo siku ile, ile swichi..."

Nilichapa *ile swichi*, nikangoja. Kidole changu kilikuwa juu ya kibodi. Kule nje mwanamke alisimama kuuliza kopi ni shilingi ngapi, Dokta akamwashiria kwa mkono arudi baadaye, na mimi, ambaye sifukuzi wateja, nikamwacha aende.

Lifti aliiweka bahasha mfukoni. Alitazama mikono yake.

"Kesho," akasema.

"Kesho saa ngapi?" nikauliza.

"Kabla ya kazi. Saa moja."

"Nitafungua saa moja kasoro robo."

Akasimama, akamshika Mwalimu mkono, akaondoka bila kuaga. Mwalimu hakusema lolote juu ya hilo. Dokta alikusanya mkoba wake. "Nami nitakuwepo hiyo saa moja. Nitakaa nje. Sitasikiliza."

"Utasikiliza," Redio alisema.

"Nitasikiliza kidogo."

Redio alibaki amesimama mlangoni na magazeti kwapani. "Sasa mimi leo nalala vipi, jamani? Mtu anakuachia habari kwenye swichi!"

"Nenda kwa mshauri," Dokta alimwambia akiwa tayari barabarani. "Wana vikao sita."

"Na bima wakinikatalia?"

"Wewe hawatakukatalia. Wewe wataona kwa macho."

Wakaenda wakibishana mpaka kona. Nikahifadhi barua ilivyo, imekatikia kwenye swichi, na nikaweka karatasi mpya kwenye printa, ishirini, nikizipiga kingo zilingane. Zilikuwa zimebaki siku nne, ukihesabu na ya leo, na ya leo ilikuwa imeisha.