Asilimia Tisini ya Bega la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Miezi saba tangu nishonwe kano za bega la kulia, na leo nimepimwa kama gunia sokoni. Mtaalamu wa viungo, mtu mkavu asiyejua kucheka, alinishikia kifaa kidogo akaniamuru nikisukume. Kushoto, kilo kumi na nne. Kulia, kumi. Kisha akatoa hukumu: mkono mgonjwa ukifikisha asilimia tisini ya mkono mzima, ndipo nirudi uwanjani. Nina sabini na moja. Mimi, mpigaji mkuu wa timu ya wavu ya walimu kwa miaka tisa!

Fainali ni Jumamosi. Nafasi yangu kaikalia wifi, dada wa mume wangu, mwalimu wa jiografia. Mchana kaniambia ofisini, mbele ya watu, nipone taratibu, nafasi ameishika vizuri. Nani alimwomba aishike?

Jumanne, 4 Machi

Nilipewa pia fomu ya kujaza nyumbani. Kila swali unajipa alama, sifuri hadi kumi. Nilijipa kumi kote bila kusoma, nikaituma asubuhi. Mchana mtaalamu akanipigia simu kwa sauti ya msibani. Kumbe swali la nane lilikuwa: unaogopa kiasi gani kuumia tena? Akaniuliza kwa upole kama nina mtu wa kuzungumza naye nyumbani. Fomu gani inageuka katikati kama kinyonga?

Jumatano, 5 Machi

Darasa la tano, somo la sehemu. Nimeandika ubaoni kumi juu ya kumi na nne, chaki ikanisimama mkononi. Kiasi juu, asili chini. Ukishindwa kukuza kiasi, punguza asili. Kulia kukikataa kupanda, kushoto kushuke. Nitapimwa tena Ijumaa saa nne. Sijavunja sheria yoyote. Hesabu ni hesabu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefua mashuka manane kwa mkono wa kushoto peke yake. Nimebeba ndoo kumi na mbili kutoka bombani, ingawa pipa lilijaa kwenye ya saba. Mume wangu akasimama mlangoni. "Mama watoto, si ni mkono wa kulia ulioambiwa uufanyishe mazoezi?" Nikamjibu kwamba mambo ya kitaalamu hayaelezwi mlangoni. Jioni kushoto kumeshindwa kuinua kikombe. Dalili njema kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Kulia, kumi. Kushoto, sita. Mtaalamu alipima mara tatu, akabadili betri. Nikamsaidia hesabu: asilimia mia moja sitini na sita na ushei. Nimefaulu na chenji imebaki. Nikamwomba asaini.

Hakusaini. Alisema bega zima haliporomoki kilo nane kwa siku nne bila sababu, huenda nalo limechanika. Nikasema limechoka tu. Akauliza limechoshwa na nini. Hapo nikamsogezea kalamu tena, maana nikitaja mashuka nimejifunga mwenyewe. Nimetoka na barua ya kumpelekea mwalimu mkuu: mabega yote mawili yapumzike wiki sita, mpira marufuku, hata kuandika juu ubaoni marufuku. Kulia kwangu kunafungiwa kwa kosa la kushoto. Wapi mmeona haki ya namna hiyo?

Jumamosi, 8 Machi

Tumeshinda. Yaani wameshinda. Wifi alipiga mipira mingi, idadi siiandiki. Watu walishangilia, mimi mikono hainyanyuki, wakadhani nina wivu. Wivu wa nini? Mwishoni akaja na kombe, akaniwekea mapajani. "Wifi yangu, hili ni lako pia. Pona upesi uje uchukue nafasi yako, mimi magoti yameniisha." Machozi yalinitoka. Mabega yalikuwa yanauma.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa na karatasi na kalamu, nikatafuta nilipokosea. Nimepaona. Ni kosa dogo la hesabu. Kumi kwa kumi na moja ni asilimia tisini na nukta tisa. Nilipaswa kuushusha mkono hadi kumi na moja, nikome hapo. Pupa ndiyo iliyonifikisha sita. Kipimo kijacho ni baada ya wiki sita. Safari hiyo mashuka matatu na ndoo nne, basi. Nimeshamwonya mume wangu wiki hiyo asithubutu kufua.