Lipiko Linalokagua Mikono

Jumatatu, 13 Januari 2025
Shule imefunguliwa. Kipindupindu nacho kimefika, kipo kijiji cha jirani. Nesi Dionisia wa zahanati alikuja darasani kwetu, Kidato cha Tatu, akasema Bwana Afya ameshatamka: watu wa gulio letu la Jumamosi wasipoanza kunawa mikono, gulio linafungwa mpaka mvua ziishe. Nilifikiria kitu kimoja tu. Meza ya Mama! Mama anauza vitumbua na mihogo ya kukaanga gulioni hapo. Sabuni yetu, chumvi yetu, sare yangu, vyote vinatoka kwenye meza ile.

Nesi anataka vijana wenye sanaa wahamasishe watu. Mudrik alinyoosha mkono kabla Nesi hajamaliza kusema. Mudrik! Ana ngonjera tayari, ana sauti ya mwadhini, na sasa amepewa kipaza sauti. Mimi nina akili kuliko yeye. Sikunyoosha. Nikisimama mbele za watu magoti yangu yanaongea lugha zote mbili tulizofundishwa. Ulimi hauongei hata moja.

Jumanne, 14 Januari
Nimepata! Mwenye aibu afanye nini? Afiche uso. Nilikwenda kwa fundi Bonifasi, Mmakonde anayechonga vinu na mipini. Zamani alichonga mapiko, zile sura za mti wanazovaa kwenye ngoma. Nikaomba lipiko la Kipindupindu mwenyewe: macho yametumbukia, mashavu yamekwisha, midomo mikavu. Alicheka mpaka akaweka tezo chini. Akasema Mmwera, tena mtoto wa madrasa, anataka kucheza lipiko, basi dunia imefika mwisho. Nikamwambia ni kwa afya ya jamii. Akasema haya mtani, ila lina mwiko. Aliye ndani hatajwi wala hajitaji. Hata kwa mama yake.

Nikaapa haraka. Mimi kuapishwa kunyamaza! Sawa na mbuzi kuapishwa kula majani.

Jumamosi, 18 Januari
SIKU YANGU. Lipiko linavaliwa kama kofia kubwa, unaona kupitia mdomoni. Ndani ya mti ule mimi si Harithi tena. Mimi ni jitu! Nilichomoka nyuma ya magunia ya ufuta, nikaanza kukagua viganja. Mwenye mkono mkavu nilimkimbiza mpaka kwenye kibuyu chirizi, lile dumu linalomwaga maji ukikanyaga kijiti. Wanaume wazima walikimbia huku wameshika kofia. Muuza dagaa alinawa mara mbili, akanionyesha viganja kama anaomba dua. Foleni ya kunawa ikafika kwenye meza ya Mama!

Mudrik alibaki na wasikilizaji wawili, wote mbuzi. Akaondoka kwa hasira, hakuonekana tena. Nililia kwa fahari humo ndani. Hakuna aliyeona. Ndiyo raha ya lipiko.

Jumapili, 19 Januari
Balaa. Nesi analalamika. Watoto wamegundua kwamba asiyenawa ndiye anayekimbizwa, na kukimbizwa ni raha. Jana mchana kutwa walikuwa wanapaka mikono matope ili niwafuate. Mmoja aligaragara akilia, eti mama yake kamnawisha kwa nguvu, sasa lipiko halitamtaka.

Na balaa kubwa zaidi. Amna, binti wa muuza dagaa, ambaye nimepanga kumsalimia tangu Kidato cha Kwanza, amempelekea Mudrik korosho. Kwa sababu gani? Lipiko lilipotokea hakuna aliyemwona Mudrik ila wale mbuzi wawili, kwa hiyo watu wameamua ni yeye! Mwenyewe hakukubali, hakukataa. Alitabasamu tu, akasema mwiko ni mwiko, dada yangu. Huku anatafuna korosho ZANGU.

Nimemuuliza fundi Bonifasi kama mwiko unaweza kulegezwa kwa mtu mmoja tu, tena msichana. Akanitupia kigogo.

Jumatano, 22 Januari
Mbinu ya kumaliza yote. Jumamosi lipiko halitamkimbiza mtu. Litakimbia lenyewe! Likiona mkono mchafu linaogopa, linajificha. Atakayecheza nalo ni yule tu ambaye mikono yake inadondosha maji. Na nitatokea Mudrik akiwa katikati ya ngonjera, Amna akitazama. Mudrik kule, lipiko huku. Ataumbuka, na kiapo changu kitabaki kizima. Kuna siku akili yangu inanitisha.

Jumamosi, 25 Januari
Watoto walisukumana kunawa kana kwamba kuna pipi. Wazee nao. Imamu aliwaonyesha namna ya kusugua katikati ya vidole, gulio zima likapiga makofi. Wote wakaja kunishika mikono, tukacheza. Bwana Afya alisimama kando amenuna, kisha akakanyaga kijiti, akanawa, akaingia kucheza, na kile kiuno sikukitegemea kwa mtumishi wa serikali. Uamuzi atautoa Jumatatu.

Mudrik? Nilitokea kwenye ubeti wake wa pili. Watu wakamgeukia: kumbe siyo wewe! Hakupepesa hata jicho. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba leo amemwachia mwanafunzi wake ajaribu. Vigelegele! Na wa kwanza kuvipiga ni Amna. Mwanafunzi wake!

Nililivua lipiko nyuma ya gulio, nikala vitumbua vya Mama kwa mkupuo, kwa mikono ileile iliyoshikwa na kijiji kizima. Njaa ya msanii haingoji.

Jumapili, 26 Januari
Tumbo. Nakiri hapa tu: leo nimekwenda chooni mara nyingi kuliko nilivyokwenda shule mwezi huu. Nesi akisikia kuna mgonjwa kijijini, gulio limefungwa, meza ya Mama kwisha. Na mgonjwa ni lipiko lenyewe! Nikajificha ghalani, nikapanga nisitoke mpaka Bwana Afya atoe uamuzi.

Mama akanikuta nimejikunja kati ya magunia. Alinipakia kwenye bodaboda, akanishikilia kwa nyuma. Nilimsihi anirudishe, nikamwambia gulio litafungwa kwa ajili yangu. Akasema meza inachongwa nyingine, mtoto hachongwi, na nifunge mdomo.

Jumatatu, 27 Januari
Naandika nikiwa kitandani, zahanati. SI KIPINDUPINDU! Nesi amepima. Tumbo la uchafu tu. Na Bwana Afya ametamka: gulio linabaki wazi, ni la mfano, na lipiko linatakiwa Likunja, kule Ruangwa, wiki ijayo. Mama alikaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Kijiji kizima kimenawa, na nimekinawisha mimi! Nilijigeuza upande wa ukuta nikatabasamu peke yangu.

Nesi aliniuliza kama nilinawa kabla ya kula. Swali la ajabu. Nilitaka kumwambia mimi ndiye mkaguzi, kiapo kikanizuia.

Kisha Amna! Alikuja kumwona shangazi yake, kitanda cha pili. Akainama, akaninong'oneza: kaka Harithi, juzi lipiko likicheza wewe hukuonekana, ni kweli wewe ndiye yule mwanafunzi wa Mudrik? Nikasema ndiyo. Neno langu la kwanza kwake maishani. Akaniachia embe, akaniambia nimsalimie mwalimu wangu.

Likunja nitamkomesha Mudrik. Mpango ninao, hauna kasoro. Embe limeiva hasa, linanukia. Ndoo ya kunawia iko mlangoni, mbali mno kwa mgonjwa. Nimelifuta kwenye shuka, nimelila lote.