Benchi Lisilokalika

Mabenchi yote duniani yana kazi moja: kutulia. La Msanifu halikuwa na habari hiyo!

Msanifu ni jina alilojipa mwenyewe. Mtaani wanamwita Skrepa, kwani kiwanda cha soda kilipofungwa, alibeba vyuma vyake hadi chumbani kama anayeokoa ndugu motoni. Pipa la mafuta likawa kabati. Gurudumu lenye meno likawa meza. Kikombe chako kikianguka, unaulizwa kwa nini ulikiweka.

Siku baba wa mchumba wake alipokuja kuamua kama kijana anafaa kupewa binti, Msanifu alikuwa amekamilisha kazi yake kuu: benchi refu la rola, yale mabomba ya chuma yanayozunguka, ambayo kiwandani yalisafirisha makreti ya soda hadi kwenye malori.

"Zichomelee zisizunguke," mchumba alimsihi. "Au tuazime viti kwa jirani. Baba akisema hapana, ni hapana."

"Nichomelee? Niiue roho ya chuma? Mpenzi, kitu kibaki na asili yake!"

Akazipaka grisi, zisije zikapiga kelele mbele ya wakwe. Kulikalia kwanza alikataa. Kazi ya sanaa haijaribiwi, alisema, huzinduliwa.

Sasa, sakafu ya chumba kile imeinama kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke yenyewe. Maji hayajawahi kulalamika.

Wakwe wakaingia: baba, mtu wa maneno machache na kilo nyingi, na shangazi, aliyepewa maneno yote yaliyobaki.

"Shikamoo, baba. Karibu uikalie historia!"

"Marahaba." Baba akakaa.

Akakaa wapi! Alisafiri! Aliondoka kwa utulivu wa mgeni rasmi kwenye gari la wazi, mikono magotini, akaipita meza, akampita binti yake, akatua kizingitini kwa makalio.

"Baba, inatakiwa ukaze miguu kidogo..."

"Hebu kaa wewe tuone!" shangazi akadakia.

Msanifu akakaa, tabasamu kama lote. Rola zikamchukua, zikamfikisha mgongoni kwa mkwe, wote wawili wakatoka hadi uani kama kreti mbili za oda moja.

"Kibaya chajitembeza, walisema wahenga," shangazi akapaza sauti. "Hiki kinatembeza hadi wakwe!"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo akauliza safari nyingine ni lini.

Baba akajikung'uta vumbi, akarudi ndani. Akasukuma rola moja kwa kidole. Ikazunguka bila sauti. Akasukuma ya pili. Moyo wa Msanifu ukaanza kumrudia.

"Umelitengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, baba!"

"Halikwami?"

"Halijui kukwama!"

"Nalinunua. Magunia ya unga yananivunja mgongo pale dukani."

"Asante sana, baba! Na... lile jambo la binti?"

"Muulize mwenyewe," baba akasema, akashika ncha moja ya benchi.

Msanifu akageuka. Mchumba wake alikuwa ameshainua ncha ya pili.

"Siku utakayopata kiti," akamwambia akipita, "uniite. Hata stuli."