Rangi Nyekundu kwenye Pampu Yetu

Kwa Mkuu wa Mafunzo ya Maofisa Afya, Ofisi ya Wilaya.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, mimi Motaleb wa Char Madhupara. Mlimtuma kijijini kwetu mwanafunzi wenu, binti Kohinoor, ajifunze kupima maji na kuwaandaa watu kwa mafuriko. Nalalamika kwamba amefundishwa vizuri kupita kiasi.

1. Alikinga maji ya pampu yetu kwenye kichupa, akatia unga wa kupimia, akafunika kwa karatasi, akasubiri. Karatasi ilipogeuka kahawia akatangaza sumu ya aseniki, akapaka mdomo wa pampu rangi nyekundu; ya jirani yangu Sobhan, iliyo salama, akaipaka kijani. Nikamweleza kwamba marehemu baba yangu aliyanywa maji hayo maisha yake yote. Akauliza, "Alifariki akiwa na umri gani, baba mdogo?" Arobaini na minne, lakini hilo ni swali la kumuuliza mwenyeji? Nikasema basi tutayachemsha. Akajibu, "Ukiyachemsha utapata sumu ya moto."

2. Ijumaa wakaja wazazi wa kijana anayetafuta mchumba, kumtazama binti yangu Shefali. Wakatazama pampu. Shangazi wa kijana akasema, "Kumbe hapa anayeolewa ni pampu, imeshavishwa nyekundu ya bibi harusi." Walikula vitamu vyote, wakakataa maji, wakaondoka wakisema watatujulisha.

3. Katika mazoezi ya mafuriko, Kohinoor aliwafundisha watoto mahali pa kuchota maji wakati wa dharura. Sasa wakitoka shule wanaimba, "Kwa Sobhan chota, kwa Motaleb pita." Mafuriko hayajafika, mimi nimeshazama.

Kwa hiyo naomba mafunzo yenu yarekebishwe. Nyumba yenye binti wa kuozeshwa ipimwe baada ya harusi. Ikishindikana, itafutwe rangi ya tatu, ya waridi tuseme, yenye maana kwamba maji yanaua lakini familia ni nzuri. Na katika mazoezi ya dharura, watoto wafundishwe kuogelea tu, wasifundishwe majina ya watu.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa chuo, na Kohinoor mwenyewe, ambaye sina ugomvi naye.

Wako katika usumbufu huu,
Motaleb Howlader

N.B. Kabla sijafunga bahasha wamejibu: Shefali wamemkubali. Nimeuliza pampu yao ina rangi gani. Wanasema haijawahi kupimwa, na kwamba huko kwao hakuna mambo hayo. Tafadhali mtume Kohinoor kwao upesi, kabla sijatoa neno langu. Asiwaonee haya hata kidogo. Maji hayo atakayeyanywa ni binti yangu.